Kikohozi Alichokifuta

Stendi ilikuwa imefurika abiria, na mtangazaji wa mabasi alitoka kibandani kwake kwa sababu moja tu: mwanamke mwenye gauni la bluu alikuwa ameinua kinasa sauti mbele ya spika yake.

"Dada, unanirekodi bila hata hodi?"

Mwanamke akacheka kwa aibu. Akaeleza kwamba ni mhadhiri wa chuo kikuu. Anachunguza maandishi ya Kifaransa ya miaka mia nne iliyopita, na jinsi watu wa miji ile walivyosikia kengele, magurudumu na wachuuzi.

"Kumbe unatafuta kelele za marehemu."

"Natafuta pia sauti ya kunisomea miito yao."

Akaipata. Kila Jumamosi mtangazaji alifika ofisini kwake, shati limenyooshwa, akasoma mbele ya kinasa sauti miito ya wauza maji na wauza mkaa ambayo mhadhiri ameitafsiri. Mapenzi yaliingilia masikioni, yakakaa. Alipokohoa katikati ya usomaji, alimkonyeza: "Mapenzi ni kikohozi, mpenzi, hayafichiki." Mhadhiri alicheka, kisha akiwa peke yake alikifuta kile kikohozi, na kila kilichofuata, kwenye kompyuta ili sauti ibaki safi. Huyu ndiye aliyewafundisha wanafunzi wake wasidharau kelele, maana ndimo maisha ya watu yalimo.

Halafu Jumamosi zikapita bila mtu. Akapiga simu, ikapokewa na mwanamke.

"Amelala," sauti ilisema, ikakata.

Wivu ulimpanda. Akaandika ujumbe kwamba abaki na huyo huyo, akazima simu. Stendini aliyetangaza mabasi sasa alikuwa mtu mwingine, mhadhiri akaona huo ni ushahidi kwamba amekimbiwa.

Mwenye sauti ile alimfuata chuoni, kilemba kimekaa upande.

"Wifi, mimi ni dada yake. Ni saratani. Wamempasua koo, hatasema tena." Akakinyoosha kilemba. "Kabla ya kumpasua, daktari alimuuliza kikohozi kilianza lini. Hakukumbuka. Akasema ukaulizwe wewe, una sauti yake yote. Na simu yako ilikuwa imezimwa."

Mhadhiri alifungua kompyuta, akasikiliza Jumamosi zote. Hakikuwepo hata kikohozi kimoja.

Wodini alimkuta amefungwa bendeji, mrija umetoka shingoni. Alimweleza kila kitu bila kujitetea, huku analia. Mgonjwa alimsikiliza hadi mwisho, akachukua simu yake, akaandika: *Nilitaka kukuposa kwa mdomo wangu.*

"Nipose hivyo hivyo."

*Daktari hakuniahidi hata mwaka. Utaolewa na bubu, kisha uwe mjane.*

"Nitaolewa na wewe."

Akatikisa kichwa, taratibu, akataka kuandika tena. Kikohozi kikamshika. Hakikutoka mdomoni, kilitoka shingoni, upepo mtupu usio na sauti. Mhadhiri alimshika mkono, akainamisha sikio karibu na mrija, akasubiri kiishe chote.

"Hayafichiki," akasema.

Mgonjwa akaiweka simu chini.