Mkono Dirishani

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alikuwa na kazi yake. Alimpelekea Bibi dawa na maji ya uvuguvugu, akafungua pazia, kisha akamshika mkono na kumkalisha kwenye kiti kilichokuwa kando ya dirisha linalotazama uani. Bibi alikuwa mgonjwa wa miguu. Asubuhi, dawa ikishamwingia, alikaa vizuri, akataniana na wapita njia na kuwakosoa waliokuwa wakifua. Jua lilipoanza kuwa kali, maumivu yalirudi, naye akalala mpaka siku ya pili. Aliyetaka kuzungumza na Bibi ilibidi amuwahi asubuhi.

Chiriku si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na Bibi huyo huyo, kwa sababu ya mdomo. Mtoto yule akianza kusema, hata redio inaona haya! Na mdomo huo ndio uliomponza siku ya harusi ya shangazi yake.

Shangazi, binti wa mwisho wa Bibi, alikuwa anaolewa na kwenda kuishi mbali, safari ya siku nzima na zaidi. Wiki moja kabla ya harusi, mpiga picha alikuja nyumbani kupanga ratiba. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye kamera mbili shingoni. Aliandamana na fundi wa video, kijana mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni. Waliketi sebuleni na Shangazi, Baba na Mama. Chiriku naye alijibanza pembeni, masikio wazi.

"Harusi nyingi zinaharibika kwa sababu watu wanapanga chakula kwanza, halafu picha zinabanwabanwa mwishoni," alisema mpiga picha. "Mimi huanza na swali moja. Ni nani asiyeweza kusubiri?"

"Mama yangu," Shangazi alijibu papo hapo. "Asubuhi tu ndiyo anaweza kukaa. Mengine yote yakikosekana, sawa. Lakini picha na Mama lazima niipate. Nitaondoka nayo. Sijui nitamwona tena lini."

Basi ratiba yote ikajengwa juu ya Bibi. Picha yake na Shangazi ingepigwa kwanza, hapo hapo nyumbani, kabla ya msafara kuondoka. Chiriku aliinua mkono kama yuko darasani.

"Na ngoma yetu? Si tutarekodiwa uani asubuhi, kwenye ukuta wa maua?"

Fundi wa video alichungulia uani, akatikisa kichwa. "Mwanga wa asubuhi pale ni mzuri sana, mdogo wangu, lakini muda hautoshi. Ni ngoma au Bibi. Nyinyi mtacheza jioni ukumbini, pamoja na watoto wengine."

Pamoja na watoto wengine! Chiriku alihisi kama amemwagiwa maji baridi. Alikuwa ameshawatangazia wanafunzi wenzake, tena kwa kutia chumvi, kwamba yeye na marafiki zake wawili ndio watakaofungua video ya harusi, peke yao, na magauni yao ya njano. Angeuweka wapi uso wake?

Siku ya harusi ilipofika, msusi alichelewa. Ikawa vurugu mtindo mmoja: huyu anatafuta pini, yule anatafuta kiatu, Baba anauliza funguo alizozishika mwenyewe mkononi. Mpiga picha alitazama saa yake, akamwita Chiriku.

"Mwanangu, kamwangalie Bibi. Kama yuko tayari, tunaanza naye sasa hivi."

Chiriku alikimbia. Bibi alikuwa tayari. Alikuwa tayari tangu alfajiri, ukitaka ukweli. Alikaa wima kwenye kiti chake, ndani ya gauni jipya la bluu, shali begani. Hata viatu alikuwa amevaa, viatu ambavyo miguu yake iliyovimba haikuvitaka kabisa.

"Wamekuja?" Bibi aliuliza, akijilamba midomo ili ing'ae.

"Bado kidogo, Bibi. Subiri."

Kwa nini alisema hivyo, hata yeye hakujua. Maneno yalimtoka tu. Lakini yaliyofuata aliyajua. Alirudi sebuleni, akasimama mbele ya mpiga picha na kusema, "Bibi amelala. Jana aliniambia akilala msimwamshe, atapigwa picha jioni."

Shangazi, aliyekuwa akifungwa vifungo vya gauni mgongoni, aligeuka. "Mama amesema hivyo? Jioni?"

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi alisitasita. Alitazama mlango wa chumba cha Bibi, akatazama pindo refu la gauni lake. "Basi tusimsumbue," alisema taratibu. "Labda leo amejisikia nafuu."

"Haya, tumebaki na nafasi," alisema mpiga picha. "Tupige nini?"

"Ngoma yetu!" Chiriku alidakia.

Wakacheza. Muziki ulifunguliwa mpaka mwisho, maua yaling'aa, magauni ya njano yakapepea. Shangazi alisimama uani akipiga makofi, mgongo ameupa dirisha. Ngoma ilipoisha, msafara ukaondoka, na Bibi akabaki na jirani aliyeombwa kumwangalia.

Jioni, Shangazi alipitia nyumbani kabla ya kwenda ukumbini. Mpiga picha na Chiriku walikuwa naye. Alikuta Bibi kitandani, amegeukia ukutani, uso umekunjamana kwa maumivu. Gauni la bluu lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Kuinuka hakuweza. Shangazi alipiga magoti, akambusu mkono, akatoka akifuta machozi ili asiharibu vipodozi vyake.

Chiriku alibaki nyuma ya mlango. Ndipo alipomsikia Bibi akimwambia jirani kwa sauti ndogo, "Si neno. Labda waliona mzee mgonjwa kama mimi ataharibu picha. Harusi ni ya watu wazuri."

Ee, jamani! Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Ukumbini, alipoitwa kucheza na watoto wengine, alisema tumbo linamuuma. Kila aliyemsifu kwa ngoma ya asubuhi alikuwa kama anamchoma na mwiba. Mara mbili alimsogelea Shangazi aseme, na mara mbili mdomo ule usiokosa neno ukakosa neno.

Asubuhi iliyofuata, fundi wa video na mpiga picha walikuja na kompyuta ndogo kuonyesha vipande vichache, kwa kuwa maharusi wangeondoka mchana. Baba alimbeba Bibi mpaka sebuleni ili naye aone. Watu walijazana mbele ya kioo cha kompyuta. Chiriku alisimama nyuma kabisa.

Kipande cha kwanza kilikuwa ngoma.

"Oneni viuno hivyo!" jirani alicheka. "Hivi watoto hawa wana mifupa kweli?"

Watu walicheka, lakini Chiriku hakucheka. Nyuma ya magauni ya njano, juu kidogo ya maua, kulikuwa na dirisha. Na ndani ya dirisha kulikuwa na gauni la bluu. Bibi alikuwa amekaa wima, akitazama uani. Alifungua mdomo, akaita, lakini muziki uliimeza sauti yake. Akainua mkono, akaupunga kuelekea kwa Shangazi aliyekuwa amempa mgongo. Akaupunga tena. Kisha mkono ukashuka polepole, usiinuke tena.

"Simamisha!" Shangazi aliruka. "Rudisha nyuma. Huyu si Mama?"

Kijana akarudisha. Mkono ukapunga tena, ukashuka tena.

"Mama alikuwa macho," alisema Shangazi. "Amevaa. Chiriku, si ulisema amelala?"

Macho yote yalimgeukia. Masikio yake yaliwaka moto. Kabla hajafumbua mdomo, Bibi alikohoa.

"Mwacheni mtoto. Nilikuwa nimesinzia, nikaamka muziki ulipoanza. Na labda alisahau kuwaambia nimeamka, jana kila mtu alichanganyikiwa."

Mlango huo, umefunguliwa! Chiriku angeweza kupita, akasema ndiyo, nilisahau, na mambo yakaisha. Alimtazama Bibi. Bibi aliyeona kila kitu kupitia dirishani. Bibi aliyejua kwamba aliambiwa "bado" huku wapiga picha wako uani. Tangu jana hakumsema kwa mtu yeyote, na sasa alikuwa akimfunika kwa uongo wake mwenyewe, kwa ajili yake. Aibu ya kushikwa ilikuwa kali, lakini hii ya kutetewa na mtu uliyemkosea, hiyo haikubebeka.

"Sikusahau, Bibi," alisema. "Nilidanganya kwamba umelala na kwamba ulisema usiamshwe. Bibi alikuwa tayari, hata viatu alivaa. Nilitaka sisi tucheze asubuhi. Nilikuwa nimejigamba shuleni." Kisha akaangua kilio. "Na si kweli kwamba ungeharibu picha, Bibi! Shangazi alikutaka wewe kuliko vyote!"

Shangazi alikaa chini kama mtu aliyevunjika miguu. Alitaka kusema kitu cha hasira, mtu yeyote angemwona. Lakini kwanza alimgeukia mama yake. "Ulidhani sikukutaka, Mama?"

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya shali.

Mpiga picha alitazama nje. "Jua bado halijawa kali. Tunao muda, lakini ni mdogo. Gauni liko wapi?"

Gauni la harusi lilikuwa limetundikwa, pindo lote matope. Chiriku hakungoja kuambiwa. Alilisugua kwa sabuni, akalipiga pasi hadi mvuke ukamchoma vidole. Kisha akaenda chumbani kwa Bibi na gauni la bluu mikononi, akapiga magoti.

"Mimi nilishavaa jana," Bibi alisema, akitazama pembeni. "Kuvaa mara mbili kunachosha."

"Najua, Bibi. Nisamehe. Sikuombi uvae kwa ajili yangu. Shangazi anaondoka leo, na hana picha yako."

Bibi alilipokea gauni, akasaidiwa kulivaa. Halafu akanyoosha mguu mmoja ili avishwe kiatu. Chiriku alikivisha taratibu, kwa uangalifu, asimuumize.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Kutaka kucheza si kosa. Ungekuja kuniambia, 'Bibi, tugawane ule muda,' ningekupa. Ningeomba hata wanisogeze uani niwapigie makofi. Lakini hukuomba. Ulichukua, tena ukatumia jina langu, ukasema nimesema nisiyoyasema. Uongo wako haukuninyima picha tu. Ulinifanya nilale usiku mzima nikidhani binti yangu ananionea haya. Kabla hujadanganya tena, jiulize ni nani atakayekaa akiumia peke yake bila kujua kwa nini."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, kingine. Na usikifunge sana, mguu si mzigo wa kuni."

Shangazi alipiga magoti kando ya kiti, gauni jeupe limetandazwa sakafuni, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Mwanga wa dirisha ulikuwa mkali upande mmoja, hivyo mpiga picha akampa Chiriku shuka jeupe alishike upande wa pili ili lirudishe mwanga usoni mwa Bibi. Alilishika mpaka mikono ikafa ganzi. Shangazi alimwita aje naye apigwe. Alitikisa kichwa.

"Leo nishike shuka tu, Shangazi."

Shangazi alimtazama. Hasira haikuwa imekwisha yote, lakini alimkubalia kwa kichwa.

Kabla ya kuondoka, fundi wa video alisema anaweza kulifuta lile dirisha, mtu asijue. Bibi alimtazama Chiriku. "Ngoma ni yako. Sema."

"Liache," alisema Chiriku.

Video ilipokuwa tayari, wanafunzi wenzake walikuja kuitazama kwa shauku. Walishangilia ngoma, wakamsifu mpaka wakachoka. Kisha mmoja akasogea karibu na kioo, akanyoosha kidole. "Huyu anayepunga mkono dirishani ni nani?"

Bibi alikuwa chumbani, mlango wazi, akisikia. Uso wa Chiriku uliwaka.

"Ni bibi yangu," alisema. "Alikuwa anangoja kupigwa picha, na mimi ndiye niliyemngojesha. Kaeni, niwaeleze nilivyodanganya."