Mimi Si Chungwa

Siwema alikuwa na miaka sita. Aliishi Muheza, mji wenye machungwa mengi kuliko watu.

Aliishi na shangazi yake, Tausi. Shangazi Tausi alikuwa mfamasia. Duka lake la dawa lilikuwa dogo, safi, lenye mlango wa buluu.

Zamani Shangazi alitoa dawa za kunywa na za kupaka tu. Aliyetaka sindano aliambiwa aende hospitali. Na hospitali ni kule, mbali, jua njia nzima.

Basi Shangazi akaenda mafunzoni. Akafundishwa kuchanja watoto, wasiugue surua. Akarudi na cheti, akakitundika ukutani. Kikapinda. Akakinyoosha. Kikapinda tena.

Kila jioni Shangazi alifanya mazoezi, mkono uzidi kuzoea. Alitia maji kwenye bomba la sindano. Akachukua chungwa.

Sindano chwi.
Chungwa kimya.

Akachukua chungwa la pili.

Sindano chwi.
Chungwa kimya.

Siwema alikuwa anachungulia mlangoni. Sasa nyie, mtoto aone jambo kama hilo halafu anyamaze? Hata mimi nisingeweza.

Akamnong'oneza rafiki yake Chausiku kwamba shangazi anayachoma machungwa sindano. Alisema hivyo tu, wala hakuongeza chumvi.

Chausiku akamwambia mama yake kwamba machungwa yanaumwa surua.

Mama Chausiku akaenda bombani na ndoo yake. Akasema chungwa limechomwa sindano, likalia kwa sauti. Hakuliona. Lakini alikuwa na hakika.

Habari ikafika kwa Mzee Ngoda, muuza nyama. Kufika kwake, chungwa limevimba kama boga, limeruka dirishani, limekimbilia stendi.

Jumamosi ikawa siku ya chanjo. Shangazi akatoa benchi nje. Akaweka boksi la barafu lenye chanjo. Akavaa koti jeupe. Akangoja.

Saa mbili, hakuna mtu.

Saa tatu akaja kuku. Akatazama benchi, akatazama boksi, akaondoka zake.

Saa nne, hakuna mtu. Hata kuku hakurudi.

Shangazi akasema polepole, "Jioni gari linakuja kuchukua chanjo zilizobaki. Zikirudi zote, watoto wa mtaa huu wataugua surua. Nasikia watu wametishwa kwa habari za machungwa yangu, sijui na nani."

Siwema akatazama vidole vya miguu yake. Vyote kumi.

"Ni mimi, Shangazi."

Shangazi hakumgombeza. Alikaa tu kwenye benchi, peke yake. Siwema aliona afadhali angegombezwa.

Tena Siwema mwenyewe alikuwa hajachanjwa. Aliogopa sindano kuliko mbwa, kuliko radi, kuliko mwalimu wa hesabu.

Akasimama katikati ya njia. Akavuta pumzi, fuuu. Akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Njooni mtazame. Leo nachanjwa mimi. Na mimi si chungwa."

Ebo, watu wa mtaa ule kwa kutazama! Walitoka wote. Mama Chausiku alikuja na mwiko mkononi, ugali kauacha jikoni.

Siwema akakaa kwenye benchi. Akakunja mkono wa gauni. Akafumba jicho moja, lingine akaliacha wazi.

Sindano chwi.
Siwema...

Watu wote wakainama kusikiliza.

"Aa," akasema Siwema. Ka-aa kadogo tu.

Wakamuuliza imeumaje. Akawaambia ukweli, imeuma kama siafu mmoja, halafu siafu akaenda zake.

Mama Chausiku akamkagua mbele na nyuma. Hakuvimba. Hakukimbilia stendi. Basi akamketisha Chausiku wake.

Sindano chwi.
Chausiku aa.

Benchi likajaa. Foleni ikapita mlango wa buluu, ikapinda kwa fundi cherehani.

Sindano chwi, aa.
Sindano chwi, aa.

Mzee Ngoda akaleta mapacha wake. Mzee Ngoda huyu huyu, anayekata ng'ombe kutwa nzima. Mapacha wakakaa vizuri. Sindano ikatoka. Mzee Ngoda akaiona.

Puu, chini!

Mapacha wakampepea kwa kifuniko cha boksi. Alipoamka akasema hakuanguka, alikuwa anatafuta kiatu. Viatu alikuwa amevaa vyote viwili.

Jioni gari likaja. Boksi lilikuwa na barafu tu.

Usiku Siwema akalala kitanda kimoja na shangazi yake. Mkono ulimwasha kidogo. Shangazi akaupuliza, fuu, fuu.

"Shangazi," akanong'ona Siwema, "niliogopa sana."

Shangazi akamfunika shuka.

"Hata mimi, mwanangu. Wewe ndiye mtoto wa kwanza niliyemchanja pale dukani."

Wakatazamana. Wakacheka mpaka kitanda kikalia kwii, kwii, kwii.

Halafu kitanda kikanyamaza. Waliokuwa juu yake walikuwa wamelala.