Mizigo Imetuliwa Ng'ambo

Mwanamkuu aliishi Ng'ambo, mjini Tabora, na mumewe Selemani, fundi cherehani. Kila alfajiri alifagia uwanja na kupika uji. Kisha aliunyoosha mguu wa binti yao, Swaumu.

Swaumu alikuwa na miaka minane. Ugonjwa ulikuwa umeudhoofisha mguu wake wa kulia. Kila Jumatatu alitakiwa kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi. Mama yake alimbeba mgongoni. Lakini mtoto alikuwa anakua, na Mwanamkuu alikuwa mjamzito. Safari zikaanza kumshinda.

Muuguzi hakumficha. "Mama, akiendelea kukosa, mguu utakakamaa. Hatatembea tena."

Basi la mji lilipita mbele ya nyumba yao kila asubuhi. Lilitoka stesheni, likaenda sokoni, kwenye ofisi za serikali na hospitali. Viti vingi vilikuwa vitupu. Mwanamkuu alipunga mkono. Dereva naye alipunga, akapita zake. Tena anacheka!

"Hapa si kituo!" kondakta alipaza sauti dirishani.

Vituo vilipangwa na kamati. Wajumbe wote walikuwa wanaume, na wote walikaa karibu na ofisi. Basi lilisimama wapi? Milangoni mwao, wapi tena!

Jioni, katika darasa la watu wazima, Mwanamkuu alimweleza mwalimu wake, Eustadia.

"Basi lile ni la nani?" Eustadia aliuliza.

"La serikali, Mwalimu."

"Limenunuliwa kwa kodi yenu. Ni la wananchi, na wewe ni mwananchi. Halafu mwaka huu petroli imeadimika. Basi tupu linachoma petroli karibu sawa na basi lililojaa. Likiwabeba na ninyi, petroli ileile itasaidia watu wengi zaidi. Nendeni kamatini mkaseme hivyo."

Mwanamkuu na wanawake wenzake wa darasani walikwenda, wakasema. Mwenyekiti, Bwana Modest, aliwasikiliza huku anatazama saa yake.

"Basi ni la watu wenye haraka ya kazi," alisema. "Ng'ambo mna mizigo, mna wagonjwa. Mtatuchelewesha."

Mwanamkuu alirudi nyumbani na hasira. Hata ugali haukushuka.

"Sasa tufanye nini?" Selemani aliuliza.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," Mwanamkuu alisema. "Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani. Mkuu wa msafara akikataa kumngoja mgonjwa, wapagazi hawakugombana naye. Walitua mizigo njiani, wakaikalia. Msafara haukusogea mpaka mgonjwa asaidiwe."

Selemani aliweka mkasi chini. "Mimi nitatua cherehani yangu," alisema.

Majirani waliambiana, na Jumatatu asubuhi barabara ya Ng'ambo ilijaa mizigo, wenyewe wameikalia. Palikuwa na vyungu, mihogo, kuni na matenga ya kuku. Cherehani ya Selemani ilikaa katikati. Swaumu alikaa mbele kabisa, juu ya gunia la karanga.

Basi lilifika. Dereva alipiga honi. Kuku walipiga kelele, watu hawakusogea.

Bwana Modest aliteremka. "Ondoeni takataka hizi! Mnachelewesha ujenzi wa taifa!"

"Taifa lipi?" Mwanamkuu aliuliza. "Sisi tunaolima, tunaoshona, tunaouza, ni wa taifa gani?"

"Tazama viti vyako, Ndugu Mwenyekiti," Eustadia alisema. "Vinabeba upepo."

Karani mmoja alitoa kichwa dirishani. "Wapakieni twende! Nafasi ipo!"

Abiria wengine walimuunga mkono. Bwana Modest alitazama saa. Alimtazama Swaumu.

"Haya, leo pandeni."

Wanawake wengine waliinuka. Mwanamkuu hakuinuka. "Leo na kila siku," alisema. "Sema mbele ya watu wote."

Bwana Modest aliwageukia watu. "Leo na kila siku," alisema.

Ng'ambo ikapata kituo. Mwanamkuu na mwanamke mwingine wakaingia katika kamati. Kiti cha mbele kikawa cha wagonjwa, wajawazito na wazee. Mizigo ikawekwa nyuma. Wakazi walijenga ngazi ya matofali kituoni ili kila mtu apande kwa urahisi. Basi lilijaa, na hakuna aliyechelewa kazini.

Swaumu hakukosa mazoezi tena. Mdogo wake alipoanza kutambaa, yeye alikuwa anatembea kwa fimbo moja.

Asubuhi moja Swaumu alikuwa mlangoni mwa basi, na kifurushi mkononi. Bibi mmoja alikuwa bado mbali, anajikokota na tenga lake la kuku.

"Twende, dereva!" Bwana Modest aliita kutoka ndani. "Tumechelewa!"

Swaumu alitua kifurushi chake mlangoni, akakikalia.

"Bado kuna mtu," alisema.

Dereva alizima injini. Bwana Modest alivuta mkono wa shati, akafunika saa yake. Bibi alipofika, mwenyekiti alisogea kumpisha.