Bangili Tatu za Kituo C

"Sasa nyie mkiwa huko katikati ya maji, watu elfu nne, nani anawahesabu?"

Swali hilo aliliuliza Mama Fidea, jirani wa ukuta kwa ukuta wa familia ya Semkiwa pale Chumbageni, Tanga, siku Agnella Semkiwa alipokuwa akifunga mizigo ya safari yake ya ishirini. Mama Fidea hakuwahi kupanda meli. Alikuwa amekaa kitandani anamkunjia mwenzake kanga, na alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza habari za mbinguni.

"Anatuhesabu Mhesabu," Agnella akamjibu. "Halali wala hakosei."

"Ni mtu?"

"Si mtu, mwenzangu. Ni akili ya meli yenyewe."

Basi akamweleza. Kila abiria wa meli ya Amboni alivishwa bangili nyepesi ya rangi ya maziwa. Bangili hiyo ilifungua mlango wa chumba, iliagiza chakula, na ilimwambia Mhesabu kila nukta mwenye nayo yuko wapi. Mtu akidondoka baharini, meli ilisimama kabla hajapiga kelele ya pili. Moto ukiwaka, Mhesabu alitafuta bangili kwenye ghorofa ile. Akikuta hakuna hata moja, aliteremsha milango ya chuma na kuijaza ghorofa nzima ukungu mkavu, ukungu unaoondoa ile hewa ambayo moto unaila. Moto wa ukubwa wa nyumba ulizimika kabla hujamaliza Salamu Maria.

"Na mtu akiwemo ndani ya huo ukungu?"

"Hawezi kuwemo. Ndiyo maana anahesabu kwanza."

Mama Fidea akaguna, akahamia kwenye maswali mengine. Je, kichefuchefu? Agnella akamwambia achague chumba cha katikati ya meli, ghorofa isiwe ya juu sana, na atafune tangawizi kabla meli haijaanza kuyumba, siyo baada. Je, mizigo? Inabebwa na wachukuzi wa chuma na inaweza kufika chumbani jioni kabisa, kwa hiyo dawa za presha na nguo moja ya kubadilisha zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mambo hayo Agnella aliyajua kama anavyojua njia ya kwenda kanisani. Tangu mumewe Cosmas astaafu ufundi umeme wa reli, wawili hao walikuwa wakisafiri mara mbili kila mwaka, Pemba, Komoro, Shelisheli na kurudi.

Jambo moja hakumweleza Mama Fidea, kwa kuwa halikumjia akilini kama jambo la kueleza.

Abiria waliofikisha safari kumi walipandishwa daraja na kuitwa Lulu. Lulu walipanda meli bila foleni. Tena, kwa kuwa wengi wao ni wazee ambao mikono huvimba baharini, bangili zao ziliwekwa kifungo cha kuvulia. Za abiria wengine hazikuvuka mkono mpaka safari iishe. Na kila siku ya kuondoka, saa kumi alasiri, lilikuwapo zoezi la dharura. King'ora kinalia, kila mtu anakwenda kwenye kituo chake, Mhesabu anahesabu, afisa anaonyesha jinsi ya kuvaa boya, watu wanatawanyika. Ni dakika arobaini za kusimama. Lulu walikuwa wameshasimama vya kutosha. Wakaanza kubebeana bangili. Mmoja anakwenda kituoni na bangili za wenzake, wao wanabaki wakipumzika. Halikuwa neno la kunong'onezana. Walilisema kama mtu anavyosema nichotee na mimi ndoo moja.

Agnella alikuwa mtu wa sala, aliyeungama kila mwezi hata mawazo yake. Hili la bangili hakuwahi kulitaja kwenye maungamo, na si kwamba alilificha. Kwake ulikuwa msaada.

Siku ya kuondoka, zoezi lilipokaribia, Cosmas alikuwa amejinyoosha kitandani, magoti yamempiga tangu ngazi za bandarini. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya saba, katikati kabisa, jirani na chumba cha kufulia nguo. Walikichagua wenyewe kwa sababu hapakuwa na kelele za watoto.

"Nenda wewe, Mama Yusti, mwenye miguu ya serikali," akasema, akimnyooshea bangili. "Nisalimie Mhesabu. Mwambie Semkiwa yupo, anakoroma."

"Iko siku atakusikia."

"Akinisikia atajua niko hai."

Kwenye ujia Agnella akakutana na Bi Tatu wa Pangani, Lulu mwenzao, ambaye alishaivua yake zamani. "Chukua na hii, shoga yangu. Mimi nawahi meza ya chai kule juu kabla wageni hawajaivamia. Wale wanakula kama wametoka jela."

Agnella akashuka na bangili tatu, moja mkononi, mbili kiganjani.

Kituo C kilikuwa ukumbi wa michezo ghorofa ya nne. Afisa wa kituo, binti mmoja aitwaye Zuwena, alisimama mbele ya ubao wa kioo ulioorodhesha majina. Kila bangili ilipoingia ukumbini, jina lake liligeuka kijani. La Agnella likageuka, la Cosmas, la Bi Tatu. Muda si mrefu ubao mzima ulikuwa kijani kama shamba la mpunga. Zuwena akaonyesha boya, akajibu maswali ya wageni kuhusu watoto na viti vya magurudumu, akashukuru. Alikuwa bado anashukuru king'ora kilipolia tena, safari hii milio mitatu mirefu. Watu wakacheka wakidhani binti kakosea kubonyeza.

Sauti ya Mhesabu ikaja, ya upole kama kawaida yake. "Moto, ghorofa ya saba, chumba cha kufulia. Ghorofa ya saba haina mtu. Nafunga."

Agnella alikuwa ameshamfikia Zuwena. "Dada, mume wangu yuko saba."

"Jina lake nani, mama?"

"Cosmas Semkiwa."

Zuwena akatazama ubao, akatabasamu ili kumtuliza. "Usiwe na hofu. Yuko humu humu ukumbini. Angalia, kijani."

"Hayumo."

"Mama, ubao huu hauwezi ku..."

Agnella akafungua kiganja.

Binti alizitazama zile bangili kwa muda ambao baadaye Agnella aliupima kwa sala nyingi, na kila alipoupima aliuona mfupi. Hakukawia, maskini. Aligeuka akashika chombo cha kusemea. "Mhesabu, simamisha saba. Kuna mtu."

"Ghorofa ya saba haina mtu," Mhesabu akajibu. "Ukungu umeshaingia. Mlango ukifunguliwa moto utawaka upya. Tutafungua baada ya dakika ishirini."

"Nakwambia kuna mtu!"

"Abiria wote wa ghorofa ya saba wako vituoni. Asante kwa kuhakikisha."

Ukumbini watu walipiga makofi moto ulipotangazwa kuwa umezimika. Mzee mmoja alisema hii ndiyo sayansi sasa. Agnella alisimama na kiganja wazi, akisali, na alijua anamwomba Mungu kitu ambacho kimeshapita.

Baada ya dakika ishirini walimkuta Cosmas mwisho wa ujia, ameanguka mbele ya mlango wa chuma, hapumui. Alikuwa amevaa viatu, kamba amezifunga vizuri.

Siku ya arobaini, baada ya misa na baada ya watu kula na kuondoka, mhandisi wa kampuni ya meli alifika nyumbani Chumbageni. Jina lake Zaharani, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Yeye ndiye aliyemtengeneza Mhesabu. Aliwakuta sebuleni Agnella na bintiye Yustina, mwalimu wa Korogwe, ambaye kwa siku zote arobaini hakumwacha mama yake alale peke yake, wala hakuacha kusema kwamba mashine imemuua baba.

"Poleni sana," Zaharani akasema.

"Tumeshapoa," Yustina akamjibu. "Umeleta nini?"

Alikuwa ameleta karatasi moja. Iliandikwa kwamba uchunguzi umekamilika, kwamba bangili ya marehemu ilikuwa na hitilafu na kutoa taarifa ya mahali pasipo sahihi, kwamba kampuni inakiri na inaomba radhi. Mjane atie sahihi kukubali, jambo lifungwe.

Yustina aliisoma mara mbili, machozi yakamtoka. "Mama, wamekiri. Tia sahihi, baba apumzike."

Agnella akavaa miwani, akasoma polepole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la nne. Alielewa vizuri. Akitia sahihi, hakuna atakayemwuliza neno tena. Zuwena alishahamishiwa meli nyingine. Bi Tatu hawezi kusema. Binti yake atazidi kuja kila likizo, atamfulia, atamwita mama. Karatasi ile ilikuwa imemwachia kila kitu isipokuwa Cosmas.

Akaiweka mezani. "Bangili haikuwa na hitilafu."

Zaharani akainamisha kichwa. "Mama, ofisi imekubaliana kwamba ni hitilafu. Ni heri kwa wote."

"Mmekubaliana nyie. Mimi ndiye niliyeibeba. Ilikuwa hapa." Akaonyesha kiganja.

"Unasema nini, mama?" Yustina akauliza.

"Baba yako alibaki chumbani kupumzisha magoti. Mimi nikaenda kwenye zoezi na bangili yake. Mashine ikamwona yuko na mimi, ikafunga."

"Siku ile moja?"

"Tangu tupate Lulu. Safari kumi."

Yustina hakumgeukia mama yake, alimgeukia mgeni. "Na hiyo akili yenu mnayoisifia, safari kumi nzima, haikuona mtu mmoja anatembea na bangili tatu?"

Mhandisi angeweza kusema haikuona. Karatasi yake ilikuwa bado mezani. Labda aliona haya mbele ya yule mama.

"Iliona," akasema. "Bangili inasikia hatua za mwenye nayo. Mhesabu aliona bangili tatu, hatua za mtu mmoja. Aliona mara ya kwanza kabisa, akaandika taarifa. Alishauri kwamba zikitokea za namna hiyo, ghorofa isifungwe mpaka kila mlango ugongwe. Kwa muda akawa anawaita majina vituoni. Mama utakumbuka."

"Nakumbuka," Agnella akasema. "Alituaibisha mbele ya wageni."

"Kisha tukapata barua ya Lulu mia mbili. Kwamba wanafuatiliwa kama wafungwa, kwamba watahamia meli nyingine. Ofisi ikaniambia nimzuie asizingatie hatua. Nikamzuia. Ni kazi ya dakika moja."

"Na sasa umemfungulia?" Yustina akauliza.

"Bado."

"Baba yangu amekufa, bado?"

"Wiki iliyopita imekuja barua nyingine. Wameomba msiba huu usitumike kuwasumbua wasafiri wa siku nyingi. Wa kwanza kutia sahihi ni Bi Tatu wa Pangani."

Agnella hakushangaa. Bi Tatu alikuja kumpa pole kwenye matanga, akalia sana, kwa kweli, na kabla ya kuondoka alimwuliza safari ya Desemba nani atawabebea bangili kituoni.

"Nataka kuiona hiyo barua ya kwanza," Yustina akasema.

"Haina faida, mwalimu."

"Nataka kuiona."

Zaharani akamtazama Agnella, naye Agnella hakumzuia. Akatoa kioo chake cha mkononi, akaitafuta barua, akampa. Yustina akaanza kuisoma kwa sauti, kwa ukali, kama anayesoma mtihani wa mwanafunzi aliyeibia.

"'Kwa heshima na taadhima. Sisi tuliotia sahihi hapa chini si mizigo ya kugongwa mihuri kila bandari, wala si watoto wa chekechea wa kuitwa majina. Tumelijenga taifa hili kwa mikono hii, nasi tunaomba hiyo mashine itambue kwamba mtu mzima akisema yupo...'"

Akaishia hapo. Macho yakakimbilia chini, kwenye jina la kwanza.

"Aliiandika baba yako," Agnella akasema. "Hapo ulipokaa. Mimi nilimsahihishia makosa, nikatia sahihi ya pili."

Yustina aliisoma mpaka mwisho, akapitia majina yote, akarudi juu kwenye jina la kwanza. Nje Mama Fidea alisikika akiosha masufuria ya arobaini, akiimba wimbo wa kanisani. Zaharani alivuta ile karatasi ya kukiri, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Yusti," Agnella akasema. "Mwanangu, kaa tusali."

Yustina akakilaza kioo mezani kifudifudi, taratibu, kisivunjike. Akachukua mkoba wake kwenye kiti, akapita katikati ya mama yake na mhandisi, akatoka, mlango akauacha wazi.