Watoto Hulala Bure

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa punda, ila punda haulizwi. Aliletwa mpaka mahali barabara inapoishia ili abebe mizigo, akaipita mizigo yote na kwenda moja kwa moja kwa Tilila, binti wa Rabha. Akamramba kiganja, vidole, mpaka kifundo cha mkono, kisha akaanza upya. Tilila alicheka hadi akaketi kwenye theluji. Kondoo waliokuwa nyuma ya ukuta wakasukumana wakija, nao wanautaka mkono ule.

"Ana nini huyu mnyama?" Rabha alimwuliza mdogo wake. "Humlishi?"

"Anapenda wageni." Bassu aliivuta kamba kwa nguvu kupita kiasi. "Twende, dada. Chai inapoa."

Rabha hakulitilia maanani. Alikuwa na furaha. Nyumba ile iliyo juu ya bonde ilikuwa ya baba yao, na humo ndimo alimomlea Bassu. Mama yao alikufa Bassu akiwa bado anatambaa. Rabha, naye akiwa msichana mdogo, alimfunga mgongoni akaenda naye kuokota kuni, akamtafunia mkate na kumtia mdomoni. Baadaye aliolewa Marrakesh, na Bassu akaigeuza nyumba kuwa ya kulaza wageni wanaokuja na watoto wao kuona theluji. Juu ya lango alipachika kibao: FAMILIA KARIBUNI. MAJI YA MOTO SAA ZOTE. WATOTO HULALA BURE.

Shule zilipofungwa alimpigia simu. Njoo upumzike, dada, na mtoto uje naye. Usimwache mtoto. Katika simu ile alimtaja mtoto mara nyingi kuliko alivyomtaja dada yake, na Rabha akaona ni mapenzi ya mjomba.

Walipofika langoni, familia moja ya Kasablanka ilikuwa inatoka kabla ya siku zake kwisha. Watoto wao walikuwa wamejaza karanga za chumvi mashavuni.

"Mama, kama una chumvi mfukoni ifiche," baba yao alimtania Rabha. "Hapa watakunyang'anya. Tumekula chukuchuku tangu tuje, kama wagonjwa!"

Mkewe hakucheka. Alimsogelea Rabha na kusema kwa sauti ndogo, "Mtoto wangu amekataa kulala chumba cha watoto. Anasema sakafu inachemka."

Mchana waliandaliwa kuskusi, na kweli ilikuwa chukuchuku. Mkate pia, supu pia. Mezani hapakuwa na zeituni hata moja, na nyumba isiyo na zeituni katika milima ile ni jambo la kumfanya mtu apige hodi mara ya pili, akidhani amekosea nyumba.

"Presha, dada," Bassu alisema. "Daktari kanikataza."

"Presha ni yako. Mimi na Tilila tumekosa nini?"

"Sasa mke wangu apike vyungu viwili?"

Mke wake, Mahjuba, aliendelea kuitazama kata ya supu. Rabha akakumbuka chupa yake ya malimau ya chumvi, akaenda kupekua kapu. Hakuiona. Bassu akamwambia imevunjika njiani, pole sana. Rabha alizishika nguo zilizokuwa chini ya chupa ile. Zilikuwa kavu. Alizikunja akazirudisha, kwa sababu aliyesema vile ni mdogo wake.

Mlimani kule kila mtoto anajua ni akina nani hupikiwa chakula kisicho na chumvi. Na kila mtoto anajua pia kwamba watu wakishakula chumvi pamoja, hakuna wa kumdhuru mwenziwe. Rabha alijua yote mawili tangu utotoni. Lakini mtu akila kwa ndugu yake hawazi majini na mashetani. Anawaza presha.

Izza, binti pekee wa Bassu, alikuwa rika moja na Tilila. Msimu wa tufaha aliugua, akanyamaza kabisa, akawa anakaa akitazama ukuta. Sasa alikuwa mzima na anaimba. Wasichana walilazwa pamoja katika chumba cha watoto, chenye vitanda vilivyopakwa rangi ya samawati na tundu la kutolea maji katikati ya sakafu. Zamani kilikuwa chumba cha kufulia, na chini yake ilikuwapo chemchemi ndogo iliyotoka kwenye jiwe. Bibi yake Rabha hakumruhusu mtu kumwaga hapo kitu chochote cha moto.

"Shangazi," Izza alimwuliza, "Tilila atalala upande wa maji?"

"Maji gani, mwanangu?"

Izza alimtazama baba yake, akarudi kwenye wimbo wake.

Theluji ilianguka, njia ikafungika. Alfajiri Rabha aliamka kusali akasikia maji yanatokota. Alikwenda kulishika tangi la maji ya moto, na lilikuwa baridi. Sauti ilitoka chini ya sakafu ya watoto, pamoja na harufu ya nywele zilizobabuka. Alipofungua mlango, Tilila alikuwa ameketi sakafuni, amelala huku macho yako wazi, kiganja kimefunika lile tundu.

"Mama," alisema, "kuna mtoto analia huko chini. Ameungua."

Tangu hapo Tilila akawa mzito wa kujibu na mwepesi wa kutabasamu. Aliacha kuomba karanga, aliacha kuuliza baba yake atapiga simu lini. Rabha alimtoa uani achangamke. Tilila akamnyooshea punda mkono. Punda alinusa kile kiganja mara moja, akageuza kichwa.

Alasiri yake Rabha alikuwa jikoni akikanda unga wa mkate wa jioni. Watoto walikuwa chumbani kwao. Mahjuba alisimama karibu na moto, akawa anafunga na kufungua kitambaa chake cha kichwa, kisha akasema bila kumtazama, "Wifi, ungekuja mwezi ule mwingine. Ungekuja wakati njia iko wazi, ungeweza kumchukua ukakimbia."

"Kumchukua nani?"

Mahjuba aliangalia mlangoni, akasogea mpaka pumzi yake ikagusa sikio la Rabha. "Mume wa mtu anaweza kuwa mjinga, wifi. Alijenga tangi, akaelekeza maji yake kwenye chemchemi ya bibi. Maji yanayochemka, wala hakupiga bismillahi. Wenyewe wa chemchemi walikuwa huko chini na mtoto wao, akaungua."

"Mahjuba."

"Wakamchukua Izza. Alikuwa anakula hapa, anatutazama, lakini si yeye. Tulimpa chumvi, ikambabua ulimi, maana alikuwa keshakuwa wao. Bassu akashuka kuzungumza nao. Wakasema watamwachia kwa muda, na wasipopewa mwingine watamrudisha kwao. Watoto wa wageni hawawezekani, kutwa wanatafuna vitu vya chumvi. Na wenyewe walitaka damu ya nyumba hii." Alifuta pua kwa mkono. "Wamemngoja Tilila akauke chumvi yote mwilini. Ni leo, jua likizama."

 Mikono ya Rabha iliendelea kukanda kwa sababu hakuna aliyeiambia iache, na machozi yakawa yanatiririka mashavuni, yanafika kidevuni, yanaanguka katika unga, naye anakandamiza, anakunja, anakandamiza, akimwona yule mtoto wa kutambaa mgongoni mwake, akiuonja tena ule mkate aliokuwa akimtafunia wakati yeye mwenyewe ana njaa. Iliuma mahali ambapo hata kifo cha mama yao hakikufika.

Mahjuba aliutazama ule unga. Akautazama muda mrefu. Kisha akauchukua, akaufinyanga mkate mmoja mdogo, akautia kwenye kikaango cha udongo.

"Hakuna chumvi nyumba hii," alinong'ona, "ila hiyo iliyotoka machoni mwako. Izza bado ni binadamu kamili mpaka jua lizame. Wape wote wawili, wifi. Niahidi."

"Naahidi."

"Sema wote wawili."

"Wote wawili," Rabha akasema, akauchukua mkate ukiwa bado unaunguza vidole.

Bassu alikuwa ameketi sakafuni mbele ya mlango wa watoto, ufunguo mkononi. Mlango ulitoa joto. Dirishani jua lilikuwa limebakiza ukingo tu juu ya mlima.

"Fungua," Rabha alisema.

"Rudi jikoni, dada."

"Nilikubeba mgongoni, Bassu."

"Najua."

"Nilikulisha kwa mdomo wangu!"

"Punguza sauti, watakusikia." Alikuwa analia. "Nina mmoja tu."

"Na mimi ninao wangapi?"

Alijibu kwa maneno ambayo Rabha hakuyasahau tena. "Hatukula chumvi pamoja, dada. Nimechunga sana, tangu ulipofika. Sijavunja kitu mimi. Sikukusaliti."

Ndugu yake alikuwa amekaa akapanga, kijiko kwa kijiko, namna ya kumwuza bila kuchafuka. Rabha alitamani kumpiga. Badala yake aliukata mkate, akala tonge moja, akamnyooshea uliobaki. Alitaka amege kidogo tu, wawe wamekula chumvi pamoja. Bassu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mkono wa dada yake ulipomfikia na mkate, alifanya alichofanya utoto wake wote, akashika na kumega bila kufikiri, tonge kubwa, zaidi ya nusu, akalitia lote mdomoni.

Alitafuna. Kisha taya zikasimama.

"Umetia nini?"

"Sikutia kitu. Nimelia tu."

Bassu aliziba mdomo kwa viganja viwili, lakini alikuwa keshameza. Alimtazama dada yake kama mtu aliyeamshwa kwa maji, akajivuta magotini, akatia ufunguo. Ulikosa tundu la kufuli, ukakosa tena, ndipo mlango ukafunguka.

Mvuke uliwapiga usoni, mzito, wenye ile harufu ya nywele na juu yake harufu ya maziwa ya mama anayenyonyesha. Wasichana walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake wa tundu, wameshikana mikono juu yake, na kati yao, kutoka gizani mwa bomba lisilopitika hata na panya, ulikuwa umetoka mkono wa mwanamke, mwembamba, ngozi yake imejikunja kwa moto wa zamani, unapapasa magoti ya huyu, unahamia kwa yule, unarudi, kama mtu anayechagua vitunguu sokoni usiku, na kila ulipogusa, mtoto alifumba macho na kutabasamu, na sauti kutoka chini ilikuwa inabembeleza, inaimba wimbo uleule aliokuwa akiimba Izza.

Rabha alikimbia mle ndani. Mkononi alikuwa na kipande kimoja, kisichozidi dole gumba. Izza alifumbua macho akamwona. Akafungua mdomo, kama kinda.

Angeweza kukikata. Vidole vyake vilianza kukikata. Ndipo ule mkono wa kutoka chini ukamshika Tilila kifundo cha mguu, na Rabha akakisukuma kipande chote kinywani mwa mwanawe, akamfunga mdomo kwa kiganja mpaka akameza.

Kilio kilichotoka sakafuni kilipasua kioo cha dirisha. Mkono ukamwachia Tilila, ukarudi chini kwa ghafla, nao mvuke ukafuata, wote, ukinyonywa na lile tundu. Jua likawa limezama. Tilila alitapika, akalia, akamwita baba yake, na kilio chake kilikuwa cha mtoto aliyeamka. Rabha alimkumbatia.

Upande wa pili wa tundu, Izza alifunga mdomo wake taratibu. Hakulia. Aligeuka akatazama ukuta.

Mlangoni Mahjuba alikuwa amesimama. Alimtazama bintiye, akatazama mikono mitupu ya Rabha.

"Ulisema wote wawili," alisema.

Rabha alitaka kumwambia Bassu ndiye aliyekula sehemu ya mtoto wake. Ilikuwa kweli. Lakini Mahjuba alikuwa amekiona kile kipande, na alikuwa ameviona vidole vilivyoanza kukikata vikaacha.

Kulipokucha theluji ilikuwa imeshikana, njia ikapitika. Bassu alifunga mizigo. Punda alimramba Tilila kiganja kwa pupa, na Tilila akacheka kicheko chake cha siku ya kwanza. Mahjuba hakutoka kuaga. Kwenye dirisha la jikoni palikuwa na kivuli cha mtu nyuma ya pazia, na pazia halikufunuliwa.

Aliyetoka ni Izza, bila viatu, akamnyooshea punda mkono wake. Punda alirudi nyuma mpaka kamba ikamkaba. Kondoo wote wakahamia pembe ya mbali ya zizi.

Izza alikwenda akasimama chini ya kibao. Nywele zake zilikuwa zinafuka mvuke katika baridi ile.

"Kile kipande kingetutosha wawili, shangazi," alisema, na hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtoto, ndogo.

Kisha akatabasamu na kupunga mkono, na sauti iliyofuata ilikuwa ya mwanamke mtu mzima.

"Karibuni tena. Watoto hulala bure."