Mtungi Mmoja, Vitanda Viwili

Kila siku akitoka shule, Kapteni, msichana wa darasa la sita, alipitia wodini kumpokea mama zamu, ili mama akaoge na kupika. Jina hilo alipewa na mdogo wake, mgonjwa wa mapafu, kwa sababu ya hadithi aliyokuwa akiitunga na kumsomea: chombo cha anga kimetoboka, hewa inakwisha, na kapteni anamfungia fundi wake nje ili wengine wapone.

Siku hiyo mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja. Mipira miwili ya kupitishia hewa ilitoka humo, mmoja kwa mdogo wake, mwingine kwa binti wa kitanda cha jirani.

"Mwingine uko njiani," nesi alisema. "Huu utawatosha, mradi asiuguse mtu."

"Mjukuu wangu, nitazamie na huyu," bibi ya yule binti akamwomba, akaenda kufua shuka.

Kapteni akakodolea macho mshale wa kipimo cha mtungi. Ulikuwa unashuka. Mdogo wake alihema kwa shida, mbavu nje, na Kapteni akaogopa kwamba hewa isingewatosha wote wawili. Damu nzito kuliko maji, alijiambia. Akashika koki ya mpira wa jirani, akaipunguza. Kigololi cha kuonyesha kiasi cha hewa, kilichoelea kwenye kioo chake, kikashuka. Akapunguza tena.

Yule binti akafumbua macho. Midomo ilikuwa imeanza kupauka.

"Kapteni," alinong'ona, "yule wa nje... walimfungulia?"

Kumbe siku zote alikuwa akiisikiliza ile hadithi!

Kapteni alitaka kuirudisha koki, lakini hakukumbuka kigololi kilikuwa wapi mwanzoni. Angebahatisha, mambo yakaisha kimya kimya. Au angeita, aumbuke.

"Nesi! Nimempunguzia hewa! Ni mimi!"

Nesi alikuja mbio, akarekebisha, akasubiri mpaka midomo ya binti ikarudi rangi yake. Hakumfokea Kapteni, na hilo lilimuuma zaidi. Punde mtungi mpya ukaingia ukisukumwa, na bibi nyuma yake na shuka mbichi. Kapteni alimweleza mwenyewe, huku akilia.

"Kuogopa si kosa," nesi alisema. "Hapa sote tunaogopa. Lakini hofu ikikutuma uchukue pumzi ya mwenzio, mwite mkubwa kabla hujaitii. Leo umechelewa kuita, ila umeita."

Bibi akaketi, akashusha pumzi. "Haya, mjibu basi. Amekuuliza swali."

Kapteni akafungua daftari.

"Walimfungulia," alisoma, ingawa ukurasa huo alikuwa bado hajauandika.