Tusekile na Mfuko Mweupe

Tusekile alikuwa na pua ndogo. Ilikuwa ndogo, lakini haikuwa na mchezo.

Asubuhi alinusa uji kabla ya kunywa. Mchana alinusa maharage kabla ya kula. Hata viatu vyake alivinusa kabla ya kuvaa, na kwa viatu alikuwa na haki.

Hnn, hnn. Akikunja uso, wote nyumbani walijua atasema nini.

"Hapa pana jambo."

Tusekile aliishi Tukuyu na bibi yake. Huko kuna baridi, mvua na migomba mingi.

Bibi alipenda uyoga kuliko nyama. Zamani, mvua zikianza, alichukua kikapu chake akaenda kuchuma uyoga msituni. Alirudi kikapu kimejaa, naye ananukia msitu.

Siku hizi goti la Bibi linauma. Msitu uko mbali. Kikapu kinaning'inia ukutani, kitupu.

Tusekile hakuruhusiwa kwenda peke yake, maana kuna uyoga mzuri na kuna uyoga wenye sumu.

"Uyoga usioujua usiuguse," Bibi alimwambia. "Mwite mkubwa."

Siku moja Shangazi Bupe akaja. Alikuja na kofia nyekundu, maneno mengi na chupa moja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Nimemletea bibi yako uyoga."

Tusekile akachungulia ndani ya chupa. Hakuona uyoga. Aliona punje za mtama, nyeupe nyeupe, zimeshikana.

"Hizi ni mbegu," alisema Shangazi. "Tutapanda uyoga humu humu nyumbani. Bibi atakula uyoga bila kutembea."

Bibi alifurahi mpaka akapiga makofi. Tusekile hakupiga makofi.

Uyoga unapandwa? Uyoga unaota wenyewe, msituni! Na kama Shangazi anadanganya je? Bibi atangoja, na kungoja, halafu atahuzunika.

Hnn, hnn.

"Hapa pana jambo," alisema Tusekile.

"Uyoga unataka chakula," alisema Shangazi. "Unakula vitu vikavu. Mabua, majani, hata mbao."

"Mbao?"

"Mbao. Ila sijui huu wetu utapenda nini. Tutaupa vyakula vitatu, uchague wenyewe."

Wakaenda kwa fundi seremala kuomba vumbi la mbao. Tusekile akalinusa. Lilinuka dawa.

Wakaenda shambani kuchukua mabua ya mahindi. Tusekile akayanusa. Yalinuka panya.

Wakaenda nyuma ya nyumba kukusanya majani makavu ya migomba. Tusekile akayanusa. Yalinuka nyuma ya nyumba.

Shangazi akashika panga. Kacha, kacha, kacha. Akakatakata mabua. Akakatakata majani.

Kisha akabandika sufuria kubwa jikoni. Akachemsha vumbi la mbao. Akachemsha majani ya migomba. Bubu, bubu, bubu.

Tusekile alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Tangu lini watu wanapika takataka?

"Usiniangalie hivyo, mama," alisema Shangazi. "Nachemsha ili wadudu wafe. Uyoga hautaki kula na wageni."

Mabua yalikuwa ya mwisho. Bubu, bu... Kuni zikaisha.

"Yatatosha," alisema Shangazi.

Hnn, hnn.

"Hapa pana jambo," alisema Tusekile.

Lakini Shangazi alikuwa ameshaepua. Vyakula vikapoa. Akavikamua maji, akavijaza kwenye mifuko mitatu ya nailoni. Kila mfuko akaunyunyizia mbegu, akaufunga vizuri.

Chupa ikabaki tupu. Mifuko ikaingia stoo, gizani.

"Usifungue mlango huu," alisema Shangazi. Hakusema kwa nini.

Tusekile akautazama mlango. Mlango haukusema kitu.

"Hapa pana jambo," aliuambia.

Bibi akakitoa kikapu ukutani. Akakipangusa vumbi, akakiweka karibu na kiti chake.

"Uyoga tayari?" aliuliza kila asubuhi.

"Bado, mama," alijibu Shangazi.

Siku zikapita. Bibi aliuliza tena, kwa sauti ndogo. Kesho yake sauti ilikuwa ndogo zaidi. Tusekile aliisikia, na hakuipenda.

Siku ya gulio Shangazi alikwenda kununua vitunguu. Bibi alisinzia kwenye kiti. Tusekile akausogelea mlango wa stoo.

Kwiiiii.

Akatazama mfuko wa vumbi la mbao. Ulikuwa kama siku ya kwanza.

Akatazama mfuko wa mabua. Ulikuwa na kidoa kimoja cha kijani.

Akatazama mfuko wa majani ya migomba. Ulikuwa mweupe! Mweupe juu, mweupe chini, mweupe pande zote.

Tusekile aliujua weupe huo. Ugali wa juzi ukiota ukungu unakuwa hivyo hivyo, na Bibi huutupa. Kumbe Shangazi anataka kumlisha Bibi kitu kilichooza! Bibi yake, mwenye goti bovu, sasa aumwe na tumbo?

"Haiwezekani," alisema Tusekile.

Akaushika mfuko. Akauburuta. Buru, buru, buru, mpaka nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Mfuko ukakwama kwenye kisiki. Chraaa. Ukachanika.

Tusekile akaufunika kwa jani bichi la mgomba. Akarudi, akaufunga mlango. Kwiiiii.

Jioni Shangazi aliingia stoo. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, hakuwa na maneno mengi.

"Mfuko wa majani ya migomba uko wapi?" aliuliza. "Ndio ule uliokuwa unakwenda vizuri. Ulishaanza kuwa mweupe."

"Weupe si uozo?" aliuliza Tusekile polepole.

"Weupe ule ndio uyoga wenyewe, mama. Ni mchanga bado. Unakula, unakua."

Tusekile akataka kusema. Badala yake akaenda kuosha vyombo.

Doa la kijani likaenea mfuko mzima wa mabua, ukanuka vibaya. Shangazi akautupa shimoni. Mfuko wa vumbi la mbao ukakaa tu, kama umenuna. Na mbegu nyingine hazikuwepo.

"Basi, si neno," alisema Bibi. Akainuka taratibu, akakirudisha kikapu ukutani.

Tusekile alitazama kikapu kile, akasikia vibaya moyoni. Usiku huo hakunusa uji wake. Hakuunywa pia.

Mvua ikanyesha. Ta, ta, ta, juu ya bati. Ikanyesha leo, ikanyesha kesho. Tusekile hakwenda nyuma ya nyumba hata mara moja.

Mpaka asubuhi moja, pua yake ikashtuka.

Hnn, hnn.

Kulikuwa na harufu. Haikuwa ya uji wala ya viatu. Ilikuwa harufu ya zamani, ya Bibi akirudi na kikapu kimejaa.

Harufu ya msitu! Lakini msitu uko mbali.

"Hapa pana jambo," alinong'ona Tusekile.

Akaifuata harufu. Ikapita jikoni. Ikazunguka nyumba. Ikafika chini ya migomba.

Akaliinua lile jani. Pale mfuko ulipochanika, uyoga ulikuwa umetokeza. Ulikuwa mpana na laini, umebebana kama masikio mengi yanayosikiliza.

Tusekile hakuugusa. Alikimbia.

"Shangazi, njoo! Nyuma ya nyumba pana jambo."

Shangazi akaja mbio, kofia mkononi. Akautazama mfuko. Akamtazama Tusekile.

"Ni mimi niliyeutupa," alisema Tusekile. Machozi yakamtoka. "Nilidhani umeoza. Sikutaka Bibi aumwe tumbo."

Shangazi akapiga magoti kwenye matope. Akauchunguza uyoga juu na chini, akaona umetoka kwenye mfuko wake kweli.

"Umeutoboa," alisema. "Umeuweka kivulini, na mvua imeumwagilia. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo, ila bila kuuburuta."

Kisha akamfuta machozi.

"Siku nyingine uniulize kwanza, mama."

"Nitakuuliza."

"Na mimi nilikuambia usifungue mlango, sikukuambia kwa nini. Uyoga mchanga unataka giza. Siku nyingine nitakuambia mapema."

Wakauchuma pamoja. Kikapu kikatoka ukutani, kikajaa mpaka juu.

Jioni uyoga ukapikwa kwa vitunguu na karanga. Bibi akaletewa bakuli la kwanza. Akaliinua mpaka puani.

Hnn, hnn.

"Hapa pana jambo," alisema Bibi.

"Jambo gani, Bibi?" Tusekile aliuliza kwa wasiwasi.

Bibi akala. Akafumba macho, akatafuna polepole, kama mtu anayetembea msituni bila kuumwa goti.

"Ndaga, mjukuu wangu," alisema. Hivyo ndivyo Wanyakyusa wanavyosema asante.

Tusekile akachukua kijiko chake. Akala uyoga wote. Hakunusa kwanza.

Wakati wa kulala, Shangazi alimfunika blanketi.

"Shangazi, tukipata mbegu tena, tutaupa majani ya migomba?"

"Ndiyo. Uyoga umeshachagua."

"Na tutayachemsha sana?"

"Sana."

"Kuni nitatafuta mimi," alisema Tusekile. "Ili zisiishe."

Shangazi akazima taa. Tusekile akalinusa blanketi, mara moja tu, kwa mazoea.

Hnn.

Lilinuka blanketi. Akalala.